Picha Kando ya Gari Lisilo Langu: Miaka Sita Tangu Tuhamie Marekani

Katika simu ya marehemu baba yangu ilikuwamo picha moja ambayo alimwonyesha kila mgeni aliyepiga hodi nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa. Ni picha yangu ya Desemba 2018: nimesimama kando ya gari jeupe, nimevaa koti zito lenye manyoya shingoni, na theluji imefunika kila kitu nyuma yangu mpaka matawi ya miti. Gari lile lilikuwa la jirani wa ghorofa ya chini. Koti nilikuwa nimeazimwa. Siku hiyo akaunti yetu ya benki ilikuwa na dola 41, na kodi ya nyumba ilitakiwa baada ya siku sita. Baba alifariki bila kuyajua hayo, kwa kuwa sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote, na leo nikiulizwa ni kosa gani la safari yetu linaloniuma zaidi, huitaja picha ile kabla ya fedha tulizopoteza, maana picha za aina yake, zilizotumwa na waliotutangulia, ndizo zilizonifanya nikauza nilichokuwa nacho nikaondoka.

Hatukuwa maskini, na hilo napenda lieleweke mapema. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili na Historia kwa miaka 11 katika shule ya upili Kaunti ya Kilifi, na mume wangu alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Tulikuwa na watoto wawili, mkopo wa sacco tuliokuwa tukiulipa bila kusumbuliwa, na ploti Mtwapa ambayo msingi wa nyumba ulikuwa umeshajengwa. Tulichokosa ni nafasi ya kupumua. Mshahara ulikuwa ukiisha kabla ya tarehe 20, na kila tulipokutana na jamaa aliyekuja likizo kutoka ughaibuni, akiwa na viatu vipya na maneno machache, tulirudi nyumbani tukihisi kwamba maisha yanatupita.

Oktoba 2016 nilikwenda katika duka la saiba mjini, nikamlipa kijana mwenye duka shilingi 500 anijazie maombi ya bahati nasibu ya viza ya ukaaji wa kudumu Marekani, ile ambayo watu wetu huiita grini kadi. Sikujua kwamba kuijaza fomu ile katika tovuti ya serikali ya Marekani kulikuwa bure, na kwamba ningeweza kuimaliza mwenyewe kwa nusu saa. Kijana alitumia anwani yake ya barua pepe na akabaki na nambari ya uthibitisho, ambayo bila hiyo mwombaji hawezi kuyaona matokeo yake. Mei 2017 alinipigia simu akaniambia kwamba nimechaguliwa, na kwamba nambari yangu ningeipata nikimlipa shilingi 40,000. Tulibishana siku tatu, tukamlipa 25,000. Baadaye nilikutana na dada mmoja aliyetendewa vibaya zaidi: wakala alimwandikia mume asiyemjua, mtu aliyekuwa tayari kulipia safari yote ya wawili hao, na ubalozini uongo ule ukamfungia mlango. Jaza fomu yako mwenyewe, mwandike mwenzi wako wa kweli na kila mtoto wako ambaye hajaoa au kuolewa na hajafikia miaka 21, hata kama haishi nawe, kisha uiandike nambari ile mahali pawili.

Jambo la pili ambalo hatukulielewa ni maana yenyewe ya kuchaguliwa. Sheria ya 1990 iliyoanzisha mpango huo iliweka kikomo cha viza 55,000 kwa mwaka, lakini mwaka wetu waliochaguliwa walikuwa zaidi ya 100,000, kwa kuwa ilijulikana kwamba wengi watakwama njiani. Na mwaka wa mpango unapofungwa tarehe 30 Septemba, ambaye hajapata viza hupoteza nafasi, hata kama ucheleweshaji haukuwa wake. Sisi tulisoma neno "umechaguliwa" tukasikia "umefika". Tulialika watu, tukasomewa dua, na mimi nikaandika barua ya kujiuzulu miezi minne kabla ya mahojiano. Sikuuliza hata kama ningeweza kupewa likizo bila malipo. Mwalimu mkuu alinitazama akaniuliza mara mbili kama nina hakika, na nikamwona kama mtu asiyenitakia mema.

Gharama zake nitazieleza kama zilivyokuwa, ingawa ada hubadilika na ni lazima kila mtu azitafute za wakati wake. Mahojiano katika ubalozi ulioko Gigiri yalikuwa dola 330 kwa kila mtu, yaani dola 1,320 kwa sisi wanne, na fedha hizo hazirudishwi hata ukinyimwa viza. Kabla yake kuna uchunguzi wa afya na chanjo katika kliniki iliyoidhinishwa, vyeti vya tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, pasipoti, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, pamoja na nauli na malazi ya familia nzima kutoka Mombasa hadi Nairobi zaidi ya mara moja. Baada ya viza kulikuwa na dola 220 nyingine kwa kila mtu za kutengenezewa kadi yenyewe. Pamoja na tiketi za ndege tulitumia karibu shilingi 750,000 kabla hatujanunua hata kijiko Marekani.

Fedha hizo zilitoka Mtwapa. Tuliiuza ploti kwa shilingi milioni 1.1, kwa haraka, kwa mtu aliyejua kwamba tuna haraka. Tulipomaliza kulipa sacco na madeni madogo madogo, tulipanda ndege tukiwa na dola 3,100. Kama ningerudishiwa siku zile, mimi niliyechaguliwa ningetangulia peke yangu, nikakaa katika chumba cha kushirikiana na wengine, nikatafuta kazi, na mume wangu na watoto wakafuata kabla viza zao hazijaisha muda, jambo ambalo taratibu zinaliruhusu mradi mwenye kuchaguliwa asiwe nyuma ya familia yake. Ploti ingebaki. Nimeona familia nyingi zilizoshindwa kurudi nyumbani hata zilipotaka, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kurudi.

Tulitua Minneapolis Julai 2018. Mwenyeji wetu alikuwa binamu ya mume wangu, anayeishi Brooklyn Park, mji ulioko kaskazini mwa Minneapolis ambako Wakenya ni wengi. Kwa miaka mitatu alikuwa akitutumia picha za sebule yenye sofa za ngozi na televisheni pana kama mlango. Sebule ile ilikuwapo kweli. Nyumba ilikuwa ya watu wanne walioichangia kodi, yeye alilala katika chumba cha chini ya ardhi kisicho na dirisha la maana, na alikuwa na kazi mbili: mchana aliwahudumia watu wenye ulemavu, usiku alipakia mizigo ghalani. Alikuja kutupokea akiwa na sare ya kazini. Usiku wa tatu, watoto wamelala sakafuni juu ya blanketi, nilimuuliza, "Shemeji, mbona hukutuambia?" Alikuwa amekaa kwenye ngazi, bado hajavua viatu. Akasema, "Nilimwambia kaka yangu mwaka 2015. Akasema nawabania." Sikuwa na la kumjibu, kwa maana najua kwamba nami ningesema hivyo hivyo.

Majuma ya kwanza ni ya makaratasi. Nambari ya hifadhi ya jamii huja kwa posta, kadi ya ukaaji, yaani ile grini kadi, huja kwa posta, na katika majengo ya kupanga, tarishi asipoliona jina lako kwenye sanduku la barua huirudisha barua ilikotoka. Kadi za watoto wetu zilirudishwa hivyo, nikakaa miezi mitatu nikizifuatilia. Andika jina lako kwa mkono kwenye karatasi, ulibandike ndani ya sanduku siku ile ile unayofika, hata kama wewe ni mgeni wa mtu.

Kupata nyumba kulikuwa kugumu kuliko kupata kazi. Wenye nyumba walitaka vitu ambavyo mgeni hana: kipato kinachofikia mara tatu ya kodi, historia ya mikopo, na barua kutoka kwa mwenye nyumba wa awali. Kila ombi lilikuwa dola 50 kwa kila mtu mzima, hairudishwi. Tuliomba mahali pane tukapoteza dola 400. Mahali pa tano tulikubaliwa kwa kuwa shemeji alitia saini ya udhamini, tukalipa kodi ya dola 1,150 pamoja na amana ya kiasi hicho hicho, na tulipokabidhiwa funguo tulikuwa tumebaki na dola 260 na godoro moja la kupewa. Kwetu asiye na deni huhesabiwa mwadilifu. Marekani asiye na historia ya deni ni mtu asiyejulikana. Njia ya kuanza ni kadi yenye dhamana: unaweka benki dola 300, unapewa kadi yenye kiwango hicho, unanunulia maziwa na mkate tu, na unalipa yote kabla ya tarehe. Baada ya miezi kadhaa jina lako linaanza kusomeka.

Hesabu inayotupoteza wengi ni ile ya kuzidisha kwa mia. Nilipoambiwa kwamba msaidizi wa wauguzi katika makao ya wazee hulipwa dola 14.50 kwa saa, nilizidisha palepale, kwa kuwa wakati ule dola moja ilikuwa takriban shilingi 100, nikapata shilingi 232,000 kwa mwezi, fedha ambazo sikuwahi kuziota nikiwa mwalimu. Hati yangu ya kwanza ya mshahara wa majuma mawili ilisema dola 1,160. Makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee peke yake yalikuwa dola 88.74, kisha kodi ya serikali kuu na ya jimbo, na kilichoingia benki kilikuwa dola 956. Hati mbili za namna hiyo ni dola 1,912 kwa mwezi, na 1,150 kati ya hizo ni za mwenye nyumba. Anayepata dola huzitumia kwa bei za dola, na kuzidisha kwa mia kunamfaa yule tu atakayezitumia Mombasa.

Kazi yenyewe inataka cheti. Sheria ya shirikisho inaagiza mafunzo yasiyopungua saa 75 na mtihani, nami nililipa dola 700 kwa chuo cha binafsi, fedha za kukopa. Nililochelewa kulijua ni kwamba makao mengi ya wazee huwafundisha wafanyakazi wao bure, na kwamba sheria inataka jimbo lihakikishe msaidizi anarudishiwa gharama za mafunzo akiajiriwa na makao yanayopokea fedha za umma ndani ya miezi 12 tangu amalize mafunzo. Muda mwingi ulikuwa umeshapita nilipoambiwa hayo na mwenzangu mahali pa kulia chakula.

Asubuhi ya kwanza nilipewa wakazi wanane wa kuamsha, kuosha na kuvisha kabla ya staftahi. Wa kwanza alikuwa mzee mrefu, wa miaka themanini na kitu, ambaye upande wake mmoja ulikuwa umepooza. Nilikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo mbili na glavu, na mikono yangu ilitetemeka. Mimi nimelelewa mahali ambapo hata maiti ya mwanamume huoshwa na wanaume. Nilimfunika taulo kama nilivyofundishwa, nikafunua sehemu moja moja, nikamwambia kila ninachotaka kufanya kabla ya kukifanya, na nilipofika mahali pa siri yeye aligeuza uso ukutani akafumba macho. Hapo nilitambua kwamba haya ile haikuwa yangu peke yangu. Nilipomaliza kumfunga vifungo vya shati alisema asante. Nilitoka nikaingia katika chumba cha mashuka nikalia, nikiwaza wanafunzi wangu wa kidato cha nne wangesema nini kama wangeniona.

Watanzania husema kubeba boksi wakizitaja kazi hizi za mwanzo, nasi Wakenya tuna maneno yetu ya kuzishusha. Siungi mkono maneno hayo. Kumwosha mzee wa watu kwa heshima ni kazi ya maana, na nimeifanya kwa moyo wote. Ninachodai ni kwamba mtu aambiwe mapema, ili mwalimu, mhasibu au mhandisi apandaye ndege ajue ni kazi gani itamlisha miaka yake ya kwanza, na ajue pia kwamba mgongo huumia, kwamba zamu mbili mfululizo huzoeleka upesi kwa sababu ya fedha, na kwamba mwili huzilipa baadaye.

Mume wangu alipata kazi ghalani, zamu ya usiku. Alirudi saa kumi na mbili asubuhi na mimi nilitoka saa kumi na mbili na robo, kwa hivyo kwa karibu miaka miwili ndoa yetu ilikuwa dakika 15 za kwenye ngazi: huyu alikohoa usiku, yule ana fomu ya shule ya kutiwa saini, wali uko kwenye friji. Hatukugombana. Tulikuwa wachovu mno hata wa kugombana, na ukimya ule ulinitisha kuliko ugomvi. Yeye aliyezoea kuitwa kwa jina na manahodha na mawakala wa forodha sasa alikuwa akiitwa kwa nambari ya kituo chake cha kazi, na ilichukua muda mrefu kabla hajaniambia kwamba hilo ndilo lililomwondolea hamu ya kuzungumza.

Januari 2019 aliteleza kwenye barafu akielekea kituo cha basi, akavunjika kifundo cha mkono. Majuma mawili baadaye baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, naye yuko nyumbani bila malipo, mkono umefungwa plasta. Ankara ya idara ya dharura ilikuwa dola 4,870. Hatukuwa na bima. Barua zilipoanza kuja nilizificha katika droo ya mitandio, bila kuzifungua, kwa miezi mitano, mpaka moja ikaja kutoka kwa kampuni ya kukusanya madeni. Aliyenitoa hapo alikuwa mama mmoja wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, jirani yetu, ambaye tulikuwa tukizungumza Kiswahili tukifua nguo. Nilipomwonyesha droo ile alisema, "Mama, barua hizi hukuzificha. Umeziweka zizae." Alikaa nami mezani tukazifungua zote kwa mfuatano wa tarehe.

Kutoka kwake nilijifunza mambo mawili ambayo yangetuokoa tangu mwanzo. Hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa na sheria kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na fomu yake hutolewa kwa anayeiomba. Yetu ilipopita, deni lilishuka hadi dola 900, tukalilipa dola 50 kila mwezi. La pili ni kwamba jimbo la Minnesota lina bima ya umma kwa wenye kipato kidogo, iitwayo MinnesotaCare, ambayo hata mhamiaji mwenye kadi ya ukaaji aliweza kuiomba bila kungoja miaka mitano, na watoto wetu walistahili bima yao tangu tulipofika. Majimbo hutofautiana sana katika hili, na mtu asiige ya jirani wa jimbo jingine. Aulize ofisi ya kaunti yake juma la kwanza. Sisi hatukuuliza kwa sababu tuliona haya kuonekana kama tumekuja kuomba.

Haya hiyo hiyo ndiyo iliyoshika simu yangu. Nyumbani hawakuomba kwa ubaya. Mama alikuwa akisema, "Mwanangu, Mungu amekufungulia, usitusahau," na kwa picha niliyokuwa nimewatumia, alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kaka yangu alitaka malipo ya awali ya tuktuk. Kulikuwa na harusi, matanga, karo ya mtoto wa dada, Idd mbili. Nilituma kila mara, na fedha zilipokwisha nilitoa kwenye kadi ya mkopo, kwa riba ya zaidi ya asilimia 20. Mwisho wa 2019 nilikuwa nadaiwa dola 5,200, na karibu zote nilikuwa nimezituma kwa watu walioamini kwamba hizo ni ziada.

Kisha ikaja Korona. Makao ya wazee ndiyo yaliyopigwa kwa nguvu zaidi katika jimbo letu. Tulipewa barakoa moja ya kutumia siku kadhaa, tukiiweka katika mfuko wa karatasi wenye jina, na kati ya wale wanane wa asubuhi yangu ya kwanza, watatu walikufa Mei 2020. Mwezi wa Juni ilikuja simu kwamba baba amefariki, kwa moyo. Kenya ilikuwa imesimamisha safari za abiria za kimataifa tangu mwisho wa Machi, na hazikufunguliwa mpaka Agosti. Hata pasingekuwa na hilo nisingewahi, kwa kuwa sisi humzika maiti siku ile ile. Niliyaona maziko ya baba kwa simu, usiku wa manane wa Minnesota, picha ikikatika katika, mtoto wa kaka yangu akiwa ameishika simu juu ya vichwa vya watu. Nilisikia udongo. Uso wa baba sikuuona.

Arobaini yake ilipopita nilimpigia mama nikamweleza yote: gari, koti, droo, kadi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hivyo ulikuwa ukilala njaa ukitutumia?" Nikamwambia, "Sikulala njaa, mama. Nililala na deni." Akasema, "Basi mwezi huu usitume kitu." Yeye mwenyewe ndiye aliyewaeleza ndugu zangu, na wawili walinuna karibu mwaka mzima. Tulikubaliana dola 100 kila mwezi za dawa zake za sukari, na jambo lolote jingine lizungumzwe kabla halijaahidiwa. Deni la kadi lilikwisha Machi 2022. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuyasema yale baba akiwa hai, yeye ambaye angenielewa kuliko wote.

Kuhusu ualimu, sikurudi darasani. Nilikuja bila nakala rasmi za matokeo yangu ya chuo kikuu, nikidhani kwamba cheti changu chenye muhuri kinatosha, kumbe wanaotathmini shahada za nje hutaka chuo kiwatumie nakala moja kwa moja. Ilichukua miezi tisa, simu nyingi, na ndugu yangu kusafiri mara mbili hadi ofisi ya msajili. Zilipofika nilikuwa nimeshahesabu muda na masomo ya ziada ambayo leseni ya ualimu ingenigharimu, nikaamua kusomea uuguzi wa ngazi ya cheti katika chuo cha umma, nikifanya kazi wikendi. Tangu 2022 mimi ni muuguzi mwenye leseni. Napata kipato kinachotutosha na akiba kidogo. Ila Septemba ikifika na mabasi ya manjano ya shule yakianza kupita, huwa nasimama dirishani nikawasahihishia watoto wasiokuwapo insha zao. Omba nakala zako kabla hujaondoka, uziache chuoni zikiwa zimelipiwa, na ujue jina kamili la ofisi itakayozituma.

Yapo pia mema, na kuyaficha kungekuwa uongo mwingine. Watoto wetu wamesoma shule za umma bila kurudishwa nyumbani kwa karo hata siku moja. Binti yetu anamaliza shule ya upili mwaka ujao na ameshasoma kozi za chuo bure akiwa bado hapo. Mtoto wa kiume wa shemeji anazungumza na mwalimu wake wa dini kwa Kiswahili kwa sababu yangu. Ijumaa tukitaka harufu ya nyumbani tunakwenda maduka ya Wasomali kule Karmel, soko lililoko Minneapolis, tunakula sambusa na chai ya maziwa, na kuna mzee pale anayeijua Majengo ya Mombasa mtaa kwa mtaa. Mwaka 2023 mimi na mume wangu tulipata uraia, baada ya miaka mitano ya ukaaji, na kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, hatukuupoteza wa kwetu. Desemba 2022 nilikuwa nimeshakwenda kulizuru kaburi la baba. Simu yake ilikuwa kabatini kwa mama, imezimwa, na sikuiwasha.

Mei 2023 mtoto wa dada yangu, fundi umeme wa Likoni, alinipigia akiwa na pumzi za juu. "Khalati, nimechaguliwa!" Alikuwa na tuktuk mbili alizozinunua kwa jasho lake, na tayari alikuwa amepata mnunuzi wa zote. Sikumpongeza wala sikumkataza. Nilimwomba anipe siku mbili, nikapiga picha za hati yangu ya kwanza ya mshahara, ankara ya hospitali, barua ya kampuni ya madeni, taarifa ya kadi ya mkopo ya Desemba 2019 na stakabadhi ya kodi ya mwezi ule, nikamtumia zote kwa mfuatano, na chini ya kila moja nikaandika kilichotokea. Hakujibu mpaka kesho yake jioni, na aliuliza swali moja tu: "Khalati, kwani nyinyi hamkuwa na gari?"

Nikamwandikia: "Sasa tunalo. Lile la kwenye picha lilikuwa la jirani."

Aliuza tuktuk moja, nyingine akamwachia mdogo wake aiendeshe. Nakala za chuo chake cha ufundi aliziomba mapema, pamoja na barua za waajiri zenye kuonyesha saa alizofanya kazi. Alifika Aprili 2024, peke yake, akiwa na begi moja na koti nililomtumia. Asubuhi ya siku ile, kabla sijaenda uwanja wa ndege, niliteremka chini na kipande cha karatasi na gundi, nikalibandika jina lake kwenye sanduku letu la barua.